Lubumbashi: uanze na Kifaransa au na Kiswahili cha huku?

Tangu binamu yangu wa Tunduma apate kazi huku, ananipigia simu kila Jumapili, na kila simu inaishia kwenye swali lile lile: "Kaka, nianze na lugha gani?" Ataingia kwenye ofisi ndogo ya malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, safari ya karibu kilomita 2,000 kupitia Tunduma, Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Ana miezi mitatu kabla ya kuhama, na fedha ya kozi moja. Wote aliowauliza wamemwambia asome Kifaransa, "maana Kiswahili unacho."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae niandike. Huu ni mwaka wangu wa saba Lubumbashi. Nauza vipuri vya malori katika komini ya Kenya, ambalo ni jina la sehemu ya mji huu yenye soko kubwa, wala halihusu nchi jirani. Kwa miaka yote hiyo nimewaona Watanzania na Wakenya wakifika na Kiswahili chao kizuri, wakajifungia kwenye Kifaransa cha vitabu, na baada ya miaka mitatu bado hawamsikii vizuri jirani anayeishi nao ukuta kwa ukuta. Nimewaona pia waliofanya kinyume chake: wamezama mtaani mpaka wanapiga soga na kila mama wa sokoni, lakini wakipewa karatasi ya kusaini wanamtafuta mtoto wa mwenye nyumba awasomee.

Kwa hiyo nitaziweka lugha hizi mbili pamoja, niseme kila moja inakupa nini na inakunyima nini. Msimamo wangu nautoa mapema: anayekuja kuishi na kufanya kazi na watu aanze na Kiswahili cha Lubumbashi, na akisome kwa makini kama anavyosoma lugha ya kigeni. Kifaransa kifuate haraka. Wapo wanaopaswa kugeuza mpangilio huo, nitawataja.

KISWAHILI CHA HUKU

Kwanza tuondoe dhana kwamba hiki ni Kiswahili kibovu. Kina historia yake, na historia hiyo inatuhusu sisi wa Tanzania. Katika karne ya 19, Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa, katika eneo ambalo leo ni magharibi mwa Tanzania, alijenga ufalme wake Bunkeya, huku huku Katanga. Biashara yake ya shaba, pembe za ndovu na watumwa ilifika pwani zote mbili za bara hili. Aliuawa mwaka 1891 na msafara wa Wazungu waliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kampuni ya madini ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika na mji huu ukaanza kwa jina la Élisabethville. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Rwanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao, na Kiswahili ndicho kilichobaki kuwa cha wote, kazini na kwenye kambi. Kimekua midomoni mwa Waluba, Wabemba na wengine kwa zaidi ya miaka mia, kikachukua sauti na kanuni zao.

Na kanuni zenyewe zipo. Ukizishika chache masikio yanafunguka upesi kuliko unavyodhani. Pale tunaposema wa-, huku ni ba-: watoto ni batoto. Vi- ni bi-: vitu ni bintu. U- mara nyingi ni bu-: udongo ni bulongo, ugali ni bukari. Mtoto ni mutoto, maji ni mayi, kuja ni kuya. Hawasemi nyumbani wala kazini kwa kiambishi cha -ni; wanasema mu nyumba, ku kazi. Jambo linalofanyika kila siku linapewa mkia wa -aka: "Batoto banaendaka ku masomo" maana yake watoto huenda shule. Iko inafanya kazi ya ni, ya yupo na ya ana kwa pamoja, na njo ni ile ndiyo yetu ya kusisitiza. Mtu mwenye Kiswahili cha nyumbani, akikaa na daftari wiki mbili, anaweza kuzishika kanuni hizi zote. Hakuna mgeni mwingine yeyote anayepata njia fupi kama hii, na inaniuma kuona tunaidharau.

Ugumu uko kwenye maneno yanayofanana na yetu na kubeba maana nyingine. Haya yanakupita bila wewe kujua kwamba yamekupita. Kutumika huku ni kufanya kazi: mtu akikuambia "natumika ku garage", anakueleza ajira yake. Yaya ni kaka au dada mkubwa, ni neno la heshima; mwanamke wa kwetu akiitwa yaya asidhani anaonekana mlezi wa watoto. "Juu ya nini?" ni kwa nini. Bongo ni uongo, kwa kanuni ile ile ya u- kuwa bu-. Sisi tumezoea kuiita nchi yetu Bongo kwa mapenzi, lakini huku usijitambulishe hivyo kwa mtu unayetaka akukopeshe mali. Sema Tanzania.

Neno lililonifundisha kuheshimu Kiswahili hiki ni kupika. Mwezi wangu wa pili hapa, usiku wa manane, mama wa chumba cha jirani aligonga mlango wangu. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni na kanga imelowa jasho. "Yaya, unipikie simu ya taxi, mutoto iko mugonjwa." Nilisikia unipikie. Nikasimama pale mlangoni nikiwaza jiko, nikiwaza uji, nikamuuliza anataka nimpikie nini. Akarudia, sauti ikapanda. Nikauliza tena. Dakika zikapita, mtoto anahema kwa shida, mpaka kijana wa chumba cha mwisho akatoka na kupiga simu mwenyewe. Huku g yetu mara nyingi inasikika k, kwa hiyo kupiga kunakuwa kupika: kupika simu, kupika ngoma, kupika mutu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini asubuhi yake nilinunua daftari, nikaanza kuandika kila neno nililodhani ninalijua.

Faida nyingine wengi hawaitarajii: Kiswahili cha Lubumbashi kinakufundisha Kifaransa huku ukiongea. Simama kwenye kaunta yangu asubuhi moja tu. Utingo anaingia: "Patron, iko na roulement ya mbele? Ile ya yulu imeharibika déjà." Mwenzake anauliza bei ya pneu. Wa tatu anataka garniture ya frein, anasema atalipa nusu leo na nusu vendredi. Mifupa ya sentensi ni Kiswahili, nyama ni Kifaransa. Beringi, tairi, breki, Ijumaa, tayari: yote nimeyapata kwa Kifaransa bila darasa, kwa sababu yalikuja yamefungwa ndani ya sentensi niliyoielewa. Bei zinatajwa kwa Kifaransa, tarehe kwa Kifaransa, saa kwa Kifaransa. Baada ya miezi sita ya kaunta nilikuwa na mamia ya maneno. Sikuwa na sarufi ya kuyapanga, lakini mwalimu aliponikuta hakuanza na mtu mtupu.

Kinachokosekana ni hiki: Kiswahili hiki hakikufikishi mbali kwenye karatasi. Watu wanakizungumza, hawajazoea kukiandika. Ukiandika ujumbe wa kazi kwa Kiswahili cha mtaani unaonekana huna adabu ya ofisi, na ukiandika kwa Kiswahili sanifu baadhi ya wasomaji wataona ni kizito. Pia hakuna kitabu cha dukani utakachokikuta rahisi, na programu za simu zinafundisha Kiswahili cha kwetu. Mwalimu wako ni watu.

Dokezo dogo la ramani, kabla sijaendelea: usidhani ukijua cha Lubumbashi umejua cha Kongo yote. Bukavu ugali ni bugali, na mengine mengi yanabadilika ukielekea Kivu.

KIFARANSA

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya kwanza kabisa, inasema lugha rasmi ni Kifaransa, na inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Tofauti kati ya rasmi na taifa utaiona siku ya kwanza mpakani. Afisa ataongea nawe Kiswahili vizuri tu, atakuuliza habari za safari, lakini fomu anayokusogezea ni ya Kifaransa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wapo nyumbani wanaoamini kwamba sasa mambo yote yatakwenda kwa Kiswahili. Fomu ninazojaza mimi bado ni Kifaransa: za mzigo, za visa, za benki, za kodi ya duka.

Mkataba wangu wa kwanza wa ghala ulikuwa kurasa nne. Mwenye ghala alinieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwamba natoa garanti ya miezi mitatu na siku nikiondoka ananirudishia. Nikasaini. Mwaka uliofuata nikapata sehemu karibu na soko, nikamwambia nahama mwisho wa mwezi. Akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "préavis de trois mois". Nilipaswa kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Nilitoa ya mwezi mmoja, kwa hiyo kodi ya miezi miwili ikakatwa kwenye garanti yangu. Hakunidanganya, aliloniambia lilikuwa kweli, ila halikuwa lote, na lililobaki lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo sikuweza kuisoma. Fedha ile ingelipa mwalimu wa Kifaransa kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo anayekuambia Kifaransa cha nini, Kiswahili kinatosha, hajawahi kusaini kitu.

Ukianza kusoma ukiwa bado Tanzania, jua kwamba Kifaransa utakachofundishwa ni cha Ufaransa, na Kongo ilitawaliwa na Ubelgiji. Tofauti inayouma zaidi ni ya namba. Sabini utafundishwa soixante-dix, yaani sitini na kumi. Huku ni septante. Tisini utafundishwa quatre-vingt-dix. Huku ni nonante. Themanini peke yake inabaki quatre-vingts. Kwa mtu wa biashara namba ndiyo lugha yenyewe. Nimemwona dereva mmoja wa kwetu, amemaliza kozi nzuri Dar, anaambiwa "nonante-cinq dollars" na hajui kama ni tisini na tano au arobaini na tano. Mpaka akatoe simu aandike, mwenzake ameshalipa. Mwombe mwalimu wako akufundishe zote mbili tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna saa. Sisi tunahesabu kuanzia macheo, saa tatu asubuhi. Kifaransa kinahesabu kuanzia usiku wa manane na kwenda hadi ishirini na tatu, kwa hiyo miadi ya saa nane mchana ni "quatorze heures". Ongeza kwamba saa ya Lubumbashi iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Mimi miadi yoyote yenye fedha ndani yake naithibitisha kwa Kifaransa, hata kama mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili.

Upungufu wa Kifaransa ni muda, na ni umbali. Muda, kwa sababu mtu mzima mwenye kazi anahitaji, kwa niliyoyaona kwangu na kwa wenzangu, si chini ya mwaka wa kujituma kabla ya kusoma mkataba peke yake bila kutetemeka. Umbali, kwa sababu Kifaransa kinakuweka mbele ya meza. Ukiingia sokoni na Kifaransa cha darasani, mama wa fretin, yaani dagaa, anakuona mtu wa ofisi na bei inaanzia juu. Ukimwambia "Jambo mama, bintu hii njo bei gani?" anacheka, anakuuliza umetoka wapi, na mnaanza kuongea.

ZIKISIMAMA BEGA KWA BEGA

Sokoni na mtaani, Kiswahili cha huku kinashinda bila ubishi. Ofisini, benki na mahakamani, Kifaransa kinashinda vivyo hivyo. Hapo hakuna la kujadili. Penye shaka ni katikati.

Hospitali, kwa mfano. Daktari anaandika Kifaransa na pengine ataanza kwa Kifaransa, lakini muuguzi anayekuhudumia usiku anaongea Kiswahili cha mji. Ukiwa na maumivu utaongea lugha ya mama yako tu, kwa hiyo la muhimu ni kumwelewa anayekujibu. Ninaona Kiswahili kinatangulia hapa, ila ujue majina ya magonjwa na vipimo kwa Kifaransa kwa sababu karatasi ya maabara itakuja hivyo.

Barabarani, unaposimamishwa, ongea Kiswahili chako kwa upole na uwe na karatasi zako zote. Nimeona anayejifanya anajua Kifaransa akiulizwa swali la pili asilolielewa, na mambo yakawa marefu. Nimeona pia mwenye Lingala kidogo akipita haraka, lakini hilo usilijenge kuwa mpango.

Kwa urafiki, sina shaka hata chembe. Watu wa hapa wanakiita Kiswahili chetu "Kiswahili bora". Wanakisikia kanisani, kwenye Biblia na redioni, wanakiheshimu, na kwa sababu hiyo hiyo wanaona aibu kidogo mbele yake. Mtanzania akimsahihisha mtu hata mara moja, akasema "siyo bintu, ni vitu", yule mtu anahamia Kifaransa na harudi tena. Nimepoteza rafiki mmoja hivyo, mwaka wangu wa kwanza, kwa neno moja nililolisema nikidhani namsaidia. Binamu yangu, hili lishike kuliko yote niliyoandika humu: usimsahihishe mtu. Ulikuja wewe kwake.

Gharama nazo zinatofautiana. Kiswahili cha huku kinalipwa kwa muda wa kukaa na watu, na kwa uvumilivu. Kifaransa kinalipwa kwa fedha: kozi, vitabu, mwalimu. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja, iweke kwenye kile ambacho hakipatikani bure.

Kwa mwenye watoto, mizani inageuka. Watoto watakipata Kiswahili cha mtaa katika miezi michache ya kucheza uani, hutaamini kasi yao. Shuleni masomo yanaelemea Kifaransa kadiri wanavyopanda madarasa, na mzazi asiyesoma Kifaransa hawezi kukagua daftari. Mzazi wa namna hii aanze na Kifaransa kabla hajafunga mizigo.

LUGHA NYINGINE ZA MJI

Kibemba ni cha maana kwa anayefanya kazi Kasumbalesa au anayevuka kila wiki kwenda Chililabombwe na miji mingine ya shaba ya Zambia. Kwa huyo, salamu ya "mulishani" na majibu yake, na namba, ni mtaji. Kwa anayeishi katikati ya Lubumbashi, hapana haraka.

Lingala ni lugha ya jeshi tangu zamani, ni ya Kinshasa na ya muziki. Utaisikia kila baa. Jifunze kwa sikio, usiilipie.

Kiluba na Tshiluba ni za nyumbani kwa watu. Jua salamu ya mwenye nyumba wako kwa lugha ya kwao, atakufurahia sana. Zaidi ya hapo ni mapenzi yako.

USOME WAPI, NA NANI

Kwa Kifaransa nimejaribu njia tatu. Darasa la taasisi, kama lile la Institut français hapa mjini kwenye Halle de l'Étoile au Alliance Française ya Dar es Salaam, linakupa sarufi iliyonyooka na ngazi zinazojulikana. Ukitaka cheti, hapo ndipo pa kwenda. Ubaya wake ni ratiba: mtu wa duka au wa malori hawezi kuahidi kila Jumatatu na Jumatano jioni, na ukikosa vipindi vitatu umeachwa.

Mwalimu wa nyumbani ndiye aliyenifikisha. Nilimpata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kijana makini, akawa anakuja dukani saa za mchana wateja wakipungua. Sikumwomba anifundishe kitabu. Nilimpa ankara, fomu za forodha na mkataba ule ule wa ghala. Tulisoma mkataba kwa miezi miwili, mstari kwa mstari. Leo naweza kukutajia vifungu vyake kwa kichwa. Ukichagua njia hii, chagua mwalimu anayeongea Kiswahili cha hapa, maana maelezo yake yatakufundisha lugha mbili kwa bei ya moja.

Njia ya tatu ni redio, na hii naipendekeza kwa kila mtu. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inasoma habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Sikiliza habari za Kiswahili kwanza, kisha za Kifaransa. Mengi yanajirudia, kwa hiyo unajua tayari kinachosemwa na sikio linabaki na kazi moja ya kukamata maneno. Robo saa kwa siku, wakati wa kufungua duka.

Kwa Kiswahili cha huku hakuna darasa linaloshinda ua. Kodi chumba kwenye ua wa pamoja, Katuba au Kenya au Kamalondo, mnapochota mayi mahali pamoja na jioni watu wanakaa nje. Anayepanga nyumba ya peke yake yenye ukuta na geti, hata kama ni nzuri, atachukua mara mbili ya muda. Nenda ibada ya Kiswahili, si ya Kifaransa. Kula bukari kwa mama anayepika karibu na kazi yako, kila siku kwa huyo huyo, mpaka akuzoee akuambie habari za wanawe. Na beba daftari, lakini liandike ukirudi chumbani. Mtu akiona unaandika maneno yake anaanza kuchagua.

NANI ACHAGUE NINI

Mfanyabiashara wa soko, fundi, dereva anayelala Lubumbashi siku kadhaa kila safari: Kiswahili cha huku kwanza, na katika Kifaransa anza na namba, siku, saa na majina ya bidhaa yako. Mikataba mtafute mtu unayemwamini akusomee mpaka utakapoweza, na usisaini siku ile ile uliyopewa.

Anayekuja kwa ajira ya karatasi, kama mhasibu, wakala wa forodha au mwanasheria, na anayekuja na watoto wa shule: Kifaransa kwanza, tena ukiwa bado nyumbani.

Anayepita wiki mbili kwa mkutano asijitese. Kiswahili chake sanifu kitaeleweka. Ajifunze bonjour, aksanti, na ajue kwamba noti ya dola iliyochanika kidogo itakataliwa kwa lugha zote.

Binamu yangu yuko kati ya kundi la kwanza na la pili. Ofisi yake ni ya karatasi, ila siku nzima atakuwa anaongea na madereva, matingo na wabeba mizigo. Tumeafikiana hivi: fedha ya kozi ailipe Dar, miezi mitatu ya Kifaransa, na amsumbue mwalimu wake kwa septante na nonante. Kila Jumapili badala ya kuniuliza swali lile lile, mimi naongea naye kwa Kiswahili cha huku tu, nusu saa, na yeye anaandika. Wiki iliyopita nilimwambia, "Yaya, juu ya nini haukupika simu jana?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Nilikuwa natumika."

Chumba nimeshampatia. Ni kwenye ua ule ule wa Katuba niliofikia mimi, mlango wa pili. Yule mama bado yupo, na mtoto wake sasa anakwenda masomo.